Chagua Mwenyewe Kitakachopinda

Mwenye Land Cruiser akishatoa matairi ya 265/75R16 na kufunga ya 315/75R16, kitu cha kwanza anachoulizia gereji ni tairodi nene, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Ameiona kwenye picha za magari ya mashindano ya Rhino Charge, akaitamani. Fundi anamtengenezea, mteja anaondoka kwa furaha, na baada ya msimu mmoja wa njia ya Mto wa Mbu kwenda Engare Sero anarudi na ufa kwenye chesisi. Tairodi haina hata mkwaruzo. Wengi hushangaa, ingawa hakuna cha kushangaza: nguvu iliyokuwa ikiishia kupinda chuma cha bei rahisi imefunguliwa njia ya kupita hadi kwenye chuma cha bei ghali.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanaufuata. Usiimarishe usukani kipande kimoja kimoja kwa kufuata kinachouzwa dukani. Fuata njia ya nguvu, kuanzia tairi linapogonga jiwe hadi kwenye bolti zinazoshika boksi la usukani. Ondoa uchakavu kwanza, halafu amua ni kipande gani utakubali kiwe dhaifu kuliko vingine. Kipande hicho lazima kiwepo. Usipokichagua wewe, barabara itakuchagulia.

Tuanze na tairi lenyewe. Kipenyo chake unaweza kukipiga hesabu mwenyewe: chukua upana, zidisha kwa asilimia ya kimo, zidisha kwa mbili, kisha ongeza milimita 406 za rimu ya inchi 16. Tairi la 265/75R16 linatoa takriban milimita 804, la 285/75R16 linatoa 834, na la 315/75R16 linafika 879, yaani karibu inchi 35. Ukitoka la kwanza kwenda la tatu umeongeza zaidi ya asilimia 9, na spidomita itakudanganya kwa kiasi hicho hicho: ikisoma 100, gari liko kwenye 109. Lakini usukani haujali kipenyo peke yake. Tairi la matope la inchi 35 likiwa kwenye rimu ya chuma hukaribia kilo 45 au kuzidi, na uzito huo wote unarushwa juu na chini na kila shimo bila springi kuubeba.

Rimu ndiyo inayosahaulika zaidi. Rimu pana iliyosogezwa nje ili tairi lisiguse springi huongeza umbali kati ya katikati ya tairi na mhimili ambao gurudumu hugeukia. Umbali huo ni mkono wa wenzo. Jiwe ni lile lile na mwendo ni ule ule, lakini usukani unavutwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu jiwe limepata mkono mrefu. Spesa zina dhambi hiyo hiyo. Haishangazi kwamba 7.50R16, tairi refu na jembamba, limedumu miaka mingi kwenye Land Cruiser za kazi. Na 235/85R16 lina milimita 806, kimo sawa na 265/75R16, huku likiwa jembamba kwa sentimita tatu. Ningeomba mwenye gari aisome aya hii mara mbili kabla ya kutoa hela, maana tairi jembamba kwenye rimu sahihi ni uimarishaji wa usukani usiohitaji kuchomelea chochote.

Sasa gari lenye matairi makubwa limeshafika kwako, na limekuja na usukani wa zamani. Kabla ya kununua chuma, tafuta mchezo. Simamisha gari kwenye ardhi tambarare, washa injini ili pampu ifanye kazi, umwombe mtu akae kwenye kiti atikise usukani kulia na kushoto kidogo kidogo, bila kuuzungusha hadi mwisho. Hakikisha gia iko huru, breki ya mkono imevutwa na matairi yamewekewa mawe. Wewe lala chini mbele ya ekseli na uguse kila kiungo kwa vidole: pitimani, ule mkono unaotoka kwenye boksi; draglinki, fimbo inayotoka pitimani kwenda kwenye gurudumu, mwanzo na mwisho; tairodi endi zote, yaani viungo vya ncha za tairodi; na bushi za panhadi, fimbo inayozuia ekseli isihame kando. Jicho linaweza kukosa mchezo wa milimita moja, kidole hakikosi. Angalia pia boksi lenyewe. Kama linahama kwenye chesisi usukani ukigeuzwa, umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi.

Halafu nyanyua ekseli, weka stendi, ulitikise kila gurudumu ukiwa umelishika juu na chini. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, ule mhimili ambao gurudumu hugeukia. Beringi hizi hufa polepole kwenye magari yenye matairi makubwa, na zikifa, hakuna tairodi duniani itakayonyoosha usukani huo. Zikibadilishwa zinatakiwa kukazwa kwa shimu hadi kifundo kinachobeba gurudumu kigeuke kwa uzito fulani, ambao hupimwa kwa mizani ya springi iliyofungwa kwenye mkono wa kifundo. Kitabu cha gari kinataja kipimo hicho. Fundi akikwambia anajua kwa mkono, mwazime mizani.

Ninalisisitiza jambo hili la uchakavu kwa sababu kuna tabia moja mbaya sana gereji. Mteja akilalamika kwamba usukani unacheza, fundi anakimbilia skrubu ya juu ya boksi na kuikaza. Mchezo unapungua siku hiyo hiyo, mteja analipa, kila mtu anaridhika. Kumbe tairodi endi ndiyo iliyokuwa imekufa, na sasa gia za ndani ya boksi zinasagana. Utaijua kazi hiyo kwa dalili moja: ukitoka kwenye kona, usukani haurudi wenyewe. Skrubu hiyo huguswa mwisho kabisa, vingine vyote vikiwa vizima, magurudumu yakiwa yamenyooka.

Kutoka kwenye tairi, nguvu hupitia kifundo na kuingia kwenye mkono wa kifundo. Kwenye Toyota za ekseli nzima, mkono huo umeshikwa na bolti zisizo na kichwa ambazo mafundi huziita stadi, zenye nati na washa za koni. Hapa ndipo matairi makubwa hufanya uharibifu wa kimyakimya. Nati hulegea robo mzunguko, mkono unaanza kuhama kwa kiasi kisichoonekana, stadi zinachoka, na siku moja zinakatika zote kwa mpigo. Gurudumu moja linageukia linakotaka. Dawa yake ni rahisi kuliko madhara yake: toa mkono, safisha nyuso zinazogusana hadi ziwe kavu, bila grisi wala rangi, weka stadi mpya na washa za koni mpya, kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono. Mstari ukikatika umejua, na kukagua kunachukua muda wa kusubiri tanki lijae mafuta.

Upande wa pili wa njia ni chesisi, na hapa sitakwenda haraka. Kwenye Hilux za zamani za ekseli nzima mbele, boksi husukuma na kuvuta draglinki inayokwenda mbele na nyuma ya gari, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye eneo dogo la ubavu wa chesisi. Matairi makubwa hulipasua eneo hilo kuanzia kwenye matundu ya bolti. Land Cruiser na Defender zina mpangilio tofauti, lakini nazo hupata ufa mahali boksi linaposhika. Kuutafuta hakuhitaji vifaa vya gharama. Sugua eneo kwa brashi ya waya hadi chuma kitupu, paka mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa pakauke kabisa, kisha paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki.

Ukiupata, usikubali fundi aupitishie tu moto juu. Ufa unaotakiwa kupona hutobolewa tundu dogo kila mwisho wake ili usiendelee kutembea, hupanuliwa kwa grainda upate mfereji, ndipo hujazwa. Juu yake huja bamba, na umbo la bamba lina maana kubwa. Bamba la mraba lenye mstari wa kuchomelea unaokata chesisi wima hutengeneza ufa mpya pembeni mwa ule wa zamani, kwa kuwa panapoishia ugumu ndipo chuma kinapojipinda. Likate ncha zake zilale mshazari, na usichomelee juu kabisa wala chini kabisa ya chesisi. Bolti zinazopita ndani ya chesisi yenye umbo la boksi ziwekewe vibomba vya chuma, ili unapozikaza zibane chuma kwa chuma badala ya kuminya kuta mbili tupu. Bolti zenyewe zisiwe za kuokota. Namba iliyo kichwani, 8.8 au 10.9, ndiyo inayoeleza uwezo wake. Ya kubadilishia iwe na namba ile ile iliyotoka kiwandani, siyo chini yake. Na kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa, betri itolewe waya.

Baada ya hayo yote, tuzungumzie tairodi.

Kwenye Land Cruiser 80 na 105, na kwenye Defender, fimbo inayounganisha magurudumu mawili imekaa nyuma ya ekseli. Inalindwa kidogo na ekseli, lakini gari likishuka jiwe kwa upande au likirudi nyuma, ndiyo inayobeba kipigo. Ya kiwandani hupinda, na ikipinda magurudumu hupeana mgongo. Watu huona hilo ni aibu ya kiwanda. Mimi naona ni huruma. Tairodi iliyopinda inaweza kunyooshwa porini kwa jeki, mnyororo na shina la mti, ukarudi kambini kwa mwendo wa taratibu. Shafti ya boksi iliyopinda hainyooshwi na mtu.

Je, basi iachwe kama ilivyo? Kwa gari lenye tairi la 285 linalotembea Ngorongoro hadi Seronera na kurudi, ndiyo, iachwe, na fedha ziende kwenye tairodi endi halisi na kazi ya kingipini. Kwa gari la inchi 35 linalopanda mawe ya volkano kuzunguka Loiyangalani, hapana, inahitaji kuongezwa. Iongezwe kwa kiasi. Ugumu wa fimbo ya mviringo dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake: ongeza unene kwa robo tu, na ugumu unazidi maradufu. Hakuna haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Bomba la chuma lisilo na mshono, lenye ukuta mnene, linatosha. Bomba la maji, liwe jeusi au la mabati, halifai kabisa, hata kama linaonekana nene, na hata kama fundi ameshawafungia wengine kumi. Uzi wa upande mmoja uwe wa kulia na wa upande wa pili uwe wa kushoto, ili urefu urekebishwe kwa kuzungusha fimbo ikiwa kwenye gari. Tairodi endi iingie ndani ya uzi kwa urefu ule ule au zaidi ya ilivyokuwa kiwandani.

Mambo mawili sitayakubali kwenye gari ninalolipanda. La kwanza ni tairodi endi iliyochomelewa, au tundu la koni lililopanuliwa kwa drili ili endi ya gari jingine iingie. Koni hushika kwa kugusa uso wote. Ikigusa ukingo tu italegea, na nati haitaisaidia. La pili ni chuma kilichopinda kikapashwa moto wa gesi hadi chekundu kisha kikanyooshwa. Moto ule unaondoa ugumu ambao kiwanda kiliupa mkono wa kifundo au pitimani. Tairodi tupu ikipinda inyooshwe baridi, ikufikishe nyumbani, halafu itupwe. Na zile endi za mashindano zenye boli iliyo wazi zina nguvu kweli, ila hazina mfuko wa mpira wa kuzuia vumbi. Kwa vumbi la majivu la Ziwa Natron zitaanza kugonga kabla hujazizoea.

Magari yenye matairi makubwa kwa kawaida yamenyanyuliwa pia, na kunyanyua huharibu usukani bila kuvunja chochote. Kwenye ekseli nzima yenye springi za koili, kila milimita 25 za kunyanyua hupunguza takriban digrii moja ya kasta, ule mlalo wa kingipini unaofanya gari lishike njia lenyewe. Land Cruiser 80 ina digrii tatu hivi tangu kiwandani. Inyanyue milimita 50 na umebakiza moja. Gari linaanza kutangatanga, dereva anadhani usukani ni dhaifu, ananunua tairodi. Alichohitaji ni bushi za kurekebisha kasta. Vilevile draglinki na panhadi zinatakiwa kulala sambamba. Ukibadili pitimani kwa ile iliyoshushwa na kuiacha panhadi ilivyo, kila tuta litakuwa linageuza gari.

Shokapu ya usukani naitaja kwa sababu ndiyo inayouzwa kama tiba ya kila kitu. Inameza vipigo, na hiyo ni kazi njema. Kutibu mtikisiko hapana. Usukani unaotikisika kwa kilomita 70 kwa saa baada ya kugonga shimo una bushi iliyokufa, kingipini iliyolegea, tairi lisilo na balansi au kasta iliyopotea. Shokapu mpya itauficha mtikisiko huo kwa miezi kadhaa huku chanzo kikiendelea kukua.

Wenye Hilux za matoleo ya baadaye, zisizo na ekseli nzima mbele, wasinitegemee sana kwa habari za kingipini, maana hawana. Zile za springi za msokoto zina mkono wa upande wa pili wa boksi, aidla, ambao bushi yake huchakaa mapema na ndiyo ya kuimarishwa kwanza. Vigo zina reki badala ya boksi. Reki haipendi tairi la inchi 35, na ushauri wangu kwa mwenye Vigo ni aishie kwenye inchi 32, abadili bushi za reki kwa wakati, na akague mifuko ya mpira kila anapofanya sevisi.

Msaada wa hidroliki unahitaji maneno machache tu. Weka mafuta yanayotajwa na kitabu, ambayo kwenye Toyota hizi ni ATF, yale mekundu. Tairi kubwa likinaswa kati ya mawe na dereva akashikilia usukani hadi mwisho, pampu inasukuma dhidi ya ukuta na mafuta yanachemka kwa sekunde chache. Kipoza mafuta kidogo mbele ya rejeta ni fedha iliyotumika vizuri. Silinda ya ziada ya kusaidia kugeuza waachie wa mashindano.

Kuna bolti mbili ndogo ambazo karibu hakuna anayezigusa: zile za kuzuia kifundo kisigeuke kupita kiasi. Ukiweka matairi mapana zirekebishwe ili kifundo kigote kwenye bolti kabla tairi halijagota kwenye chesisi, na kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani. Zisiporekebishwa, nguvu yote ya pampu inaishia kulipasua boksi lenyewe. Ni kazi ya spana moja na nusu saa.

Na dereva naye ni sehemu ya usukani. Asigeuze usukani gari likiwa limesimama juu ya mawe. Asogee hata kidogo ndipo ageuze. Kwenye mawe, dole gumba likae nje ya mduara, maana usukani ukirushwa na jiwe huvunja kidole. Ndani ya gari kuwe na tairodi endi mbili, nati zake na pini zake za kufungia, stadi chache za kifundo, na ile tairodi ya zamani uliyoitoa ikiwa bado imenyooka.

Kazi ikishakamilika, peleka gari kwenye alaimenti siku hiyo hiyo, kwa sababu fimbo mpya haina urefu sawa na ya zamani hata kama fundi amepima kwa futi. Kisha tembea kilomita 500, rudi, ulale tena chini ya gari na spana ya torki, ukaze kila nati iliyofunguliwa. Gereji ikikwambia hilo halina haja, tafuta gereji nyingine.